Måneskin Walishinda kwa Kiitaliano, Kiingereza cha Nini Tena?

Jumamosi ya tarehe 27 Februari 2021, kumbi za muziki zaidi ya mia moja nchini Italia zilikuwa zimewaahidi watu onyesho la bure mtandaoni. Mashabiki wakakaa mkao wa kula mbele ya simu na kompyuta. Saa ilipowadia, kilichorushwa kilikuwa ukimya. Majukwaa yapo, vyombo vipo, muziki hakuna. Wenye kumbi walikuwa wameipa kampeni yao jina la swali, L'ultimo concerto?, wakiuliza kama onyesho la mwisho lilikwisha kupita bila watu kujua. Korona ilikuwa imewafungia milango kwa karibu mwaka mzima. Miezi michache kabla yake, tarehe 10 Oktoba 2020, mafundi wa sauti, wa taa na wabeba vyombo walikuwa wamepanga masanduku 500 ya vifaa kwenye uwanja wa Duomo mjini Milano, wenyewe wamevaa nyeusi, ili serikali ione kwamba nyuma ya kila nyota kuna watu ambao kazi ikisimama jiko halifuki moshi.

Siku tatu baada ya ukimya ule, Tamasha la Sanremo likafunguliwa katika ukumbi wa Ariston, viti vikiwa vitupu. Sanremo si tamasha dogo. Tangu mwaka 1951 Waitaliano hulikalia mbele ya redio na baadaye televisheni kama familia inavyokalia sahani ya pamoja, babu na mjukuu, kila mmoja na malalamiko yake kuhusu nani alistahili kushinda. Kwa miaka mingi ulikuwa uwanja wa nyimbo laini za mapenzi, okestra nyuma na suti mbele. Mwaka ule, usiku wa tarehe 6 Machi, walioinua kombe walikuwa vijana wanne wa Roma wenye umri kati ya miaka 20 na 22, na wimbo wao ulikuwa ngurumo ya gitaa. Waliitwa Måneskin. Wimbo wao uliitwa Zitti e buoni, ile kauli ya wakubwa kwa watoto: nyamazeni na mtulie.

Siku 13 baadaye, tarehe 19 Machi, ikatoka albamu yao ya pili ya studio, Teatro d'ira: Vol. I. Nyimbo nane. Ukiianza chai ikiwa jikoni, inakwisha kabla hujamaliza kikombe cha pili, maana inachukua dakika 29 tu. Ninachotaka kusema leo ni hiki: dakika 29 hizo ndizo bora kuliko yote waliyoyafanya kabla na baada yake, na sababu kubwa ya ubora huo ndiyo ile ile ambayo baadaye, naamini, ilionekana kuwa kikwazo. Lugha.

Najua wapenzi wa muziki wa kujitegemea watanirukia hapa. Watasema Måneskin si watoto wa mtaa huo, kwamba walitoka kwenye shindano la televisheni na nyuma yao ipo Sony. Ni kweli. Italia ina watu ambao wamebeba muziki wa roki mabegani kwa miaka bila televisheni. Tre Allegri Ragazzi Morti wa Pordenone, wale wanaopanda jukwaani na vinyago vya mafuvu, walianzisha lebo yao wenyewe, La Tempesta, mwaka 2000, wakaifanya nyumba ya wasanii wengine wengi. Huko Faenza, tangu mwaka 1997, lebo ndogo zina mkutano wao wa kila mwaka, MEI. Na nchi nzima kuna vilabu vya chama cha Arci, kilichoundwa Firenze mwaka 1957, ambako kijana anaweza kunywa bia, kubishana siasa na kusikiliza bendi ambayo hajawahi kuisikia, vyote katika chumba kimoja. Kumbi zilizokaa kimya ile Jumamosi zilikuwa za jamii hiyo.

Lakini tusidanganyane. Verdena, ambao Mwitaliano yeyote mpenda roki atawataja kama mfano wa bendi isiyojiuza, kazi zao zilitolewa na tawi la Universal tangu albamu ya kwanza ya mwaka 1999. Kilichowapa heshima hakikuwa lebo. Ni ndugu wawili, Alberto na Luca Ferrari, na mpiga besi Roberta Sammarelli, waliogeuza banda la kuku la huko Albino, karibu na Bergamo, kuwa studio, wakajifungia humo. Kati ya Endkadenz ya mwaka 2015 na Volevo magia ya mwaka 2022 ilipita miaka saba. Ndani ya miaka saba bendi nyingine huzaliwa, huvuma na kufa. Wao walikuwa wanatengeneza sauti bandani. Kwa hiyo nikiulizwa kujitegemea ni nini, sitaangalia nembo iliyo nyuma ya jalada la albamu. Nitauliza nani alikuwa chumbani wakati wa kurekodi, na nani alikuwa na neno la mwisho.

Kwa Teatro d'ira jibu linajulikana. Vijana hao walikwenda Acquapendente, mji mdogo kaskazini mwa mkoa wa Lazio, kwenye studio iitwayo Mulino, yaani kinu. Walikwenda na mtayarishaji mmoja, Fabrizio Ferraguzzo, wakaiandaa albamu pamoja naye. Wakarekodi kwa mtindo wa zamani: wote wanapiga kwa pamoja, papo hapo. Siku hizi mpiga dramu hurekodi Jumatatu, gitaa linakuja Alhamisi, mwimbaji anatuma sauti kutoka mji mwingine, na kompyuta inawapatanisha watu ambao hawajaonana. Matokeo yake huwa safi kama sakafu ya hospitali. Albamu ya Måneskin ina vumbi. Unamsikia mpiga dramu Ethan Torchio akiharakisha kidogo wimbo unapopanda, na Victoria De Angelis anamfuata na besi badala ya kumvuta nyuma. Kosa hilo, kama ni kosa, ndilo linalokufanya utikise kichwa.

Muundo wao ni wa umaskini wa makusudi: gitaa moja, besi, dramu, sauti. Hakuna kinanda cha kujaza nafasi, hakuna gitaa la pili la kushika chini wakati mpiga gitaa Thomas Raggi anapopanda juu kucheza solo. Bendi ya namna hii ina tatizo moja la kifundi. Gitaa likiacha kupiga mdundo na kuanza kuimba, chini panabaki wazi. Dawa yao ni besi. De Angelis anaipiga ikiwa na mkwaruzo mzito, anashika kazi ya besi na nusu ya kazi ya gitaa. Sikiliza I Wanna Be Your Slave: kile kinachokukaa kichwani ni besi, gitaa ni mgeni mwalikwa tu. Hili walilijifunza mtaani. Kabla ya televisheni walikuwa wakipiga Via del Corso, ile barabara ya maduka iliyonyooka katikati ya Roma, na mtaani huwezi kusubiri mpita njia akuelewe. Ana mfuko wa viatu mkononi na basi linamngoja. Ukimkosa kwa sekunde kumi umemkosa.

Sasa niirudie lugha.

Tatizo la Kiitaliano katika roki ni la zamani na watunzi wao wamelilalamikia vizazi na vizazi. Maneno karibu yote yanaishia kwa irabu, na mkazo mara nyingi unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani ndivyo tunavyosema sisi. Roki, kwa upande wake, ilizaliwa katika lugha ya maneno mafupi yanayokatika ghafla, silabi moja, konsonanti mwishoni, paa, na gitaa linajibu. Ukiweka Kiitaliano juu ya mdundo ule bila ujanja, mstari unaning'inia, neno linakwisha baada ya pigo kupita. Ndiyo maana kwa miongo kadhaa vijana wa Italia waliotaka kupiga roki walijaribu Kiingereza kwanza.

Mmoja wao alikuwa Manuel Agnelli wa Milano. Bendi yake, Afterhours, ilitoa kazi za Kiingereza tangu miaka ya 1980: All the Good Children Go to Hell mwaka 1988, During Christine's Sleep mwaka 1990, Pop Kills Your Soul mwaka 1993. Zilikuwa na wasikilizaji wake, wachache. Mwaka 1995 akageuka, akatoa Germi kwa Kiitaliano, na mwaka 1997 ikafuata Hai paura del buio?, albamu ndefu ya nyimbo 19 ambayo mpaka leo huwekwa katika orodha za kazi kuu za roki ya Italia. Agnelli hakutafsiri Kiingereza chake. Aliivunja sentensi ya Kiitaliano, akaitupa vipande vipande juu ya gitaa, akaacha picha mbili zisizohusiana zigongane. Mwaka huo huo wa 1997, C.S.I., bendi ya Giovanni Lindo Ferretti na Massimo Zamboni, walifika nafasi ya kwanza ya mauzo Italia na albamu iliyozaliwa kutokana na safari ya Mongolia, Tabula rasa elettrificata. Ferretti alikuwa na dawa nyingine ya tatizo lile. Hakuimba sana; alitamka. Alisimama mbele ya gitaa kama mtu anayesoma hati ya mashtaka au sala, na irabu zake ndefu zikawa silaha.

Ferretti na Zamboni walikuwa wametoka mbali. Walikutana Berlin mwaka 1981, wakarudi kwao Reggio Emilia na kuunda CCCP Fedeli alla linea, bendi ya panki yenye jina la Umoja wa Kisovieti kwa herufi za Kirusi. Albamu yao ya mwisho, ya mwaka 1990, ina wimbo wa mapenzi unaoitwa Amandoti. Niushike wimbo huo, maana tarehe 4 Machi 2021, usiku wa nyimbo za watu wengine pale Sanremo, Måneskin walipanda jukwaani kuupiga. Na hawakupanda peke yao. Walimshika mkono Manuel Agnelli.

Kwa asiyejua historia, zilikuwa dakika chache za burudani. Kwa anayejua, ulikuwa ukoo mzima umesimama mahali pamoja: wimbo wa CCCP, sauti ya Afterhours, vidole vya watoto waliozaliwa baada ya Hai paura del buio? kutoka. Agnelli ndiye aliyekuwa mwalimu wao kwenye X Factor mwaka 2017, walipomaliza wa pili. Wakati huo walikuwa wanaimba Kiingereza zaidi; rekodi yao ya kwanza, Chosen, ni Kiingereza karibu yote, na nyimbo nyingi ndani yake ni za watu wengine. Mwaka uliofuata wakatoa Il ballo della vita, na wimbo uliowapenya Waitaliano ukawa Torna a casa, wa lugha yao. Usiku ule ule wa tarehe 4 Machi, Lo Stato Sociale wa Bologna walipiga wimbo wa Afterhours na kusoma majina ya kumbi zilizofungwa. Katika orodha ya washindani walikuwamo pia La Rappresentante di Lista, Coma_Cose, Colapesce na Dimartino, Fulminacci, watu ambao miaka michache nyuma ungewapata vilabuni tu. Mlango wa Ariston ulifunguka kwa kizazi kizima mwaka ambao milango mingine yote ilikuwa imefungwa. Kejeli hiyo bado inanikera kidogo.

Kwenye Zitti e buoni, mwimbaji Damiano David analitatua tatizo la silabi kwa kasi. Hasubiri neno limalizike. Anayabana maneno kama mtu wa rap, silabi juu ya silabi, mpaka irabu za mwisho zinamezwa na neno linalofuata, kisha kwenye kiitikio anaachia pumzi na kulivuta neno. Kubana, kuachia, kubana, kuachia. Gitaa la Raggi linafanya jambo hilo hilo chini yake. Lividi sui gomiti, michubuko ya viwiko, inakwenda mbali zaidi, karibu ni hotuba ya mtu mwenye hasira aliyefukuzwa kwenye karamu. In nome del padre inachukua maneno ya ishara ya msalaba na kuyafanya kelele za ukumbini, jambo ambalo katika nchi ya Papa lina ladha yake.

Halafu kuna Coraline. Ningekuwa na wimbo mmoja tu wa kumpa mtu anayesema bendi hii ni mapambo na kope zilizopakwa wanja, ningempa huu. Una dakika tano. Unaanza na gitaa peke yake linalopigwa kwa vidole, na Damiano anasimulia habari za msichana kwa lugha ya hadithi za watoto. Kila ubeti unapanda ngazi moja. Dramu zinachelewa kuingia, na zinapoingia haziingii kwa kishindo. Katika hadithi za kawaida shujaa angekuja, angemuokoa, mambo yangekwisha. Hapa msimulizi anakiri uwezo wake umefika mwisho, na hapo ndipo bendi inapolipuka. Mlipuko unachukua nafasi ya uokoaji ambao haukuja. Huo ni utunzi. Huwezi kuupata kwa kukusanya watunzi kumi katika chumba cha mikutano.

Wimbo wa saba unaitwa La paura del buio, hofu ya giza. Ukumbuke jina la albamu ile ya Agnelli ya mwaka 1997, inayouliza kama unaogopa giza. Kama ni sadfa au ni shikamoo kwa mwalimu, mimi masikio yangu yanasikia shikamoo. Albamu inafungwa na Vent'anni, wimbo wa taratibu juu ya kuwa na miaka 20, ambao ulitangulia kutoka Oktoba 2020 wakati vijana wa umri huo walikuwa wamefungiwa vyumbani kwao kote Ulaya. Unayumba kidogo kuelekea kujihurumia. Nawasamehe, ukiwa na miaka 20 usipojihurumia utajihurumia lini?

Nyimbo mbili kati ya nane ni za Kiingereza, I Wanna Be Your Slave na For Your Love. Ya kwanza ni nzuri kweli, ya pili ni ya kujaza. Sijifichi: hoja yangu haisemi Kiingereza ni haramu. Agnelli mwenyewe alirudi kujaribu, akatoa toleo la Kiingereza la albamu yake Ballate per piccole iene katikati ya miaka ya 2000, na dunia haikubadilika. Wala simtolei mtu methali ya mwacha asili. Jina lenyewe la bendi ni la Kidenishi, maana yake mwanga wa mwezi, kwa sababu De Angelis ni Mdenishi upande mmoja. Watoto hawa hawajawahi kuahidi kuwa makumbusho ya utaifa. Hoja yangu ni ya ufundi. Walipokuwa wanaimba Kiitaliano walikuwa na tatizo la kutatua kila mstari, na katika kulitatua walilazimika kuwa wabunifu. Ukiwaondolea tatizo, umewaondolea na ubunifu.

Basi mwezi Mei wakaenda Rotterdam kwenye shindano la nyimbo la Eurovision. Wimbo ukapunguzwa matusi kidogo kwa ajili ya kanuni za shindano, lakini lugha ikabaki. Majaji wa kitaalamu waliwaweka wa nne, kwa pointi 206. Kisha zikaja kura za wananchi: 318. Jumla 524, na Italia ikapata ushindi wake wa tatu baada ya Gigliola Cinquetti mwaka 1964 na Toto Cutugno mwaka 1990. Zitazame tena zile namba mbili. Wataalamu walisita, watu wa kawaida, walio wengi wakiwa hawaelewi neno hata moja, hawakusita. Mtu wa kule Ukraine au Finland hakuuliza tafsiri. Alisikia kijana anayejua anachosema.

Kilichofuata usiku ule ni mchezo wa kuigiza wa aina nyingine. Kamera ilimnasa Damiano ameinamia meza, mitandao ikamhukumu papo hapo kwa dawa za kulevya. Alisema glasi ilikuwa imevunjika. Waandaaji wakathibitisha kwamba glasi kweli ilivunjika. Akapimwa, hakukutwa na kitu. Siku mbili tatu Ulaya ilijadili meza badala ya gitaa.

Zitti e buoni ikaingia katika nyimbo 20 bora za Uingereza, soko lisilo na mazoea ya kununua Kiitaliano. Lakini majira hayo hayo vijana wa TikTok wakafukua Beggin', wimbo wa The Four Seasons wa mwaka 1967 ambao Måneskin walikuwa wameuimba kwenye mashindano ya mwaka 2017, na ukaenda mbali kuliko kazi zao wenyewe. Naamini hapo ndipo hesabu zilipoanza kubadilika. Mtu yeyote aliyekuwa na takwimu mkononi angesema: mnaona? Kiingereza. Agosti wakatoa toleo la I Wanna Be Your Slave na Iggy Pop. Novemba wakawatangulia Rolling Stones jukwaani Las Vegas. Mwaka 2023 wakawania Grammy ya msanii mpya bora, ambayo Samara Joy aliichukua.

Januari 2023 ikatoka Rush!. Nyimbo 17. Miongoni mwa watayarishaji yumo Max Martin, Mswidi ambaye mkono wake umo kwenye nyimbo nyingi za juu za pop tangu miaka ya 1990, na Tom Morello wa Rage Against the Machine anapiga gitaa kwenye Gossip. Ni wataalamu wa kweli, na Gossip ni wimbo wa kuchezea bila aibu. Lakini isikilize albamu yote kwa mpigo mmoja kama ulivyoisikiliza Teatro d'ira. Damiano hana tena sababu ya kukimbizana na silabi. Kiingereza kinamteleza, na yeye anateleza nacho. Mistari inakuwa ya mtu aliyefika Los Angeles akashangaa kuwa watu wa Los Angeles ni wa juujuu. Waliotutangulia walishatuambia.

Nyimbo tatu za Kiitaliano zimo: Mark Chapman, La fine, Il dono della vita. Zimewekwa pamoja, ya 12, ya 13 na ya 14, kama wageni wa ukoo waliopewa meza yao karibu na jiko. Na hapo ndipo albamu inapoamka. La fine ina ile hasira ya Acquapendente; bendi inakaza, dramu zinasukuma, sauti inauma maneno. Zikiisha dakika zile, Kiingereza kinarudi, na usingizi nao.

Wahakiki kadhaa wa Kimarekani waliikandia Rush! vibaya mno, wengine kwa dharau iliyozidi kipimo, kana kwamba vijana wa Roma hawana haki ya kuvaa suruali za ngozi. Siungani nao. Bendi ile jukwaani ni miongoni mwa chache za umri wao zinazoweza kupiga saa nzima bila kuegemea kompyuta, na wameuza tiketi za kumbi kubwa katika nchi ambazo bendi ya Kiitaliano isingefikiriwa. Kuna msichana mahali fulani aliyenunua besi kwa sababu ya De Angelis, na hilo peke yake linatosha kuwaheshimu. Ninachowalaumu nacho ni kidogo, na ni kimoja: walipewa ushahidi wa pointi 318 kwamba dunia iko tayari kuwafuata walipo, nao wakafunga safari kwenda ilipo dunia.

Baada ya ziara za Rush! kila mmoja akashika njia yake kwa muda. Damiano alitoa albamu ya peke yake mwaka 2025, Funny Little Fears, ya Kiingereza, ya pop laini. Ni sauti nzuri inayotafuta ugomvi na haiuoni.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwasikia, ushauri wangu ni kuacha Beggin' ipite. Tafuta Teatro d'ira, anza na Coraline, kisha rudi mwanzo na uisikilize kwa mpangilio wake bila kuruka hata For Your Love. Ukiipenda, panda juu ya mto: Hai paura del buio? ya Afterhours, na baada yake C.S.I. Utasikia deni lilivyo wazi, na utasikia pia kwamba wadeni walikuwa wanalilipa vizuri. Na ukitazama jalada utaona pameandikwa Vol. I, juzuu ya kwanza. Waliahidi ya pili. Mpaka leo haijatoka.